Maziwa Yalivyonigeuka Kabla ya Harusi ya Swabra

Kabla ya mkasa huu nilikuwa mtu wa vikombe saba. Nasema saba kwa sababu mke wangu ndiye aliyevihesabu, na Bi Rukiya akihesabu kitu hakosei. Kimoja baada ya alfajiri, viwili na mahamri, kimoja saa nne kibandani kwangu, kimoja baada ya adhuhuri, kimoja alasiri, na cha saba cha kulalia. Vyote chai ya maziwa, iliyotiwa iliki, iliyochemka mpaka ikapanda na kushuka mara tatu sufuriani, na utando juu. Wengine huuondoa utando kwa kijiko. Mimi niliutafuna.

Naitwa Athumani. Natengeneza vyerehani Mji wa Kale, kwenye kichochoro ambacho tuktuk ikiingia, wanaokwenda kwa miguu hupanda barazani mwa watu. Nina umri wa miaka hamsini na tisa. Kazi hii imenifunza kwamba cherehani hakiharibiki ghafla, huanza kwa kuguna. Mwenyewe hukisikia, akajitia hakusikia, kisha akakimwagia mafuta. Kikizidi kuguna, humwaga mengine. Mpaka aniletee mimi, mafuta yanachuruzika mezani, na ugonjwa wenyewe wala haukuwa wa mafuta. Nimewatolea wateja maneno makali kwa kosa hilo. Leo nawaomba radhi wote, na mtaona kwa nini.

Tuna mtoto mmoja tu, Swabra. Tulimpata baada ya miaka kumi na moja ya ndoa, watu wakiwa wameshaacha kutuombea. Mwezi wa Rajabu posa yake ikaja. Kijana ni Faraji, fundi wa umeme, kwao mtaa wa Buxton, hapa hapa mjini, mpole, wa kutazama chini anaposema na wakubwa. Tukakubali, na harusi ikawekwa Mfungo Mosi, siku kumi baada ya Idi. Siku ile ile nikatia nia. Wako akina baba ambao siku ya nikaha humwachia sheikh au ndugu yao aozeshe kwa niaba yao. Mimi sikutaka wakala. Mkono uliomshika Swabra alipokuwa akijifunza kutembea, huo huo ndio utakaoshika mkono wa mumewe, na maneno yatoke mdomoni mwangu. Sikuwa na haja nyingine kubwa duniani.

Wageni walipoondoka nikanywa kikombe cha nane kwa furaha. Hata isha haijafika, tumbo likaguna.

Lilianza kama watu wanaosogeza kabati chumba cha juu. Kisha likajaa, likakaza kama ngoma, na chini ya kitovu nikasikia maji yakipita. Kisha ukaja upepo. Nitasema upepo kwa heshima yenu, mtaelewa. Asiyeelewa na ashukuru.

Kwa mtu mwingine upepo ni aibu ndogo, atasingizia kiti. Lakini mimi ni mtu wa kuswali msikitini, na upepo ukitoka udhu umetenguka, hakuna mjadala. Utatoka safuni, utakwenda kwenye mabomba, utatia udhu upya, utarudi. Jioni ile nilitoka rakaa ya pili. Nikarudi. Nikatoka tena. Mara ya tatu nilikuta swala imekwisha na watu wanavaa viatu. Wiki ya pili nilikuwa nimeanza kusimama mwisho wa safu, karibu na mlango. Wiki ya tatu jirani yangu wa safuni aliniuliza kwa upole, "Athumani, waumwa?" Nikamwambia ni joto tu.

Asubuhi nikawa naendesha. Mara tatu, mara nne, maji matupu, yenye povu na harufu kali ya uchachu. Nyumba yetu ni ya zamani, ngazi zake nyembamba na za mwinuko, na choo kiko chini. Nilijifunza kuziteremka kwa kasi ambayo sikuwa nayo hata ujanani. Kanzu zikaanza kunipwaya. Bi Rukiya akaniambia twende hospitali, nikakataa. Nikamkataza pia asimwambie mtu yeyote, na zaidi ya wote wakwe wa Buxton. Mtu haozeshi binti yake huku watu wanazungumza tumbo lake.

Nikajitibu mwenyewe. Sisi tumelelewa tukiambiwa maziwa huzima sumu. Mtoto akila kibaya, mnywesheni maziwa. Paka akila kibaya, mwekeeni maziwa. Basi nikaongeza. Bilauri ya maziwa baridi asubuhi, ya moto kabla ya kulala, na vile vikombe saba vikiwa palepale. Tumbo likizidi, nami nazidi. Mimi, fundi wa vyerehani.

Dada yangu Mwanaisha alikuja kunitazama, akaniona nilivyokonda, akasema hapana shaka ni jicho. Binti ameposwa, watu wameona, sasa wananila mimi. Akanipeleka kwa mwalimu mmoja mzee, mtu mcha Mungu. Mwalimu akanisomea dua kwenye maji, akasema, "Kunywa kwa bismillahi, na kesho nenda kwa daktari. Dua haikukataza daktari." Mimi nikashika nusu ya kwanza ya maneno yake. Nje ya mlango dada akanishauri nikishakunywa yale maji nifuatishe na maziwa ya moto, yapate kutulia ndani. Nikamtii. Hayakutulia.

Kisha akaja kaka yangu Bakari. Bakari amenizidi miaka miwili na amenizidi sauti mara kumi, na hajawahi kuiona maikrofoni akaiacha peke yake. Sijui nani alimwambia. Alikaa barazani kwangu, akanitazama kwa huruma ambayo ilikuwa na furaha ndani yake.

"Wewe pumzika," akasema. "Swabra ni mwanangu pia. Siku hiyo mimi n'tamuozesha, usitie shaka."

Nikamwambia nitaozesha mwenyewe. Akasema inshallah, kwa ile sauti ya mtu anayemwambia mtoto kuwa kesho atanunuliwa baiskeli. Kesho yake nikasikia amelipeleka joho lake kwa dobi.

Ramadhani ikaingia, na hapo ndipo nilipofanya upumbavu mkubwa kuliko wote. Mchana nilikuwa mzima. Tumbo kimya, miguu ina nguvu, nikafanya kazi mpaka alasiri bila kusikia neno. Magharibi nikafuturu, na mnajua futari zetu: tambi za maziwa, uji wa maziwa, sharubati ya maziwa, kisha chai. Kisha tarawehe. Tarawehe ni rakaa ishirini. Mimi usiku wa kwanza nilipata sita, kwa vipande. Waliokuwa kwenye mabomba ya udhu wakaniachia bomba la mwisho liwe langu.

Ikawa hivyo usiku baada ya usiku, mpaka katikati ya mwezi nikakaa nikafikiri kama fundi. Mchana sili, nimepona. Magharibi nakula, naugua. Nikapata jibu, nikampelekea mke wangu. Nilimwambia, "Mama Swabra, kuna kitu wewe wakitia kwenye chakula."

Aliosha mikono, akaifuta, akaketi.

"Miaka thalathini na mbili wewe wala kwangu," akasema. "Ningetaka kukuua ningengoja mpaka leo, nina harusi ya kupika?"

Kesho yake alinifuturisha kwa tende saba na maji. Hakupika kingine. Nikaswali tarawehe zote ishirini nimesimama kama mlingoti, nikarudi nyumbani nimefura kifua, nikamwambia waona sasa, ni mapishi yako. Hapo ndipo aliponiambia maneno ambayo sitayaandika, na mwisho wake akasema mficha maradhi, kifo humuumbua, na kama kesho saa tatu siko kwa daktari, atakwenda mwenyewe Buxton kuwaambia wakwe kila kitu, pamoja na lile bomba la mwisho.

Nikaenda.

Daktari alikuwa binti aliyemzidi Swabra miaka michache tu, amejifunga mtandio wa samawati. Aliniuliza mambo ambayo sijawahi kuulizwa na mwanamke asiyekuwa mamangu. Mara ngapi. Rangi gani. Yanaelea au yanazama. Nilimjibu huku nimekazia macho kalenda ya ukutani. Akanipima damu, akanipima choo, akanibonyeza tumbo likalia mbele yake bila adabu. Tulirudi kusikia majibu siku ya tatu. Siku hizo tatu nilikwisha kujizika. Nilikuwa na hakika ni saratani. Nilimfikiria Swabra anaozwa na Bakari mimi nikiwa kaburini, na nitasema kweli, nililia kibandani, nimeinamia cherehani cha mtu.

Majibu yakawa safi. Hakuna saratani, hakuna minyoo, hakuna vidonda. Daktari akauliza, "Mzee, kwa siku unakunywa maziwa kiasi gani?"

Nikasema kidogo tu. Bi Rukiya akahesabu, kikombe kwa kikombe, pamoja na zile bilauri, na tambi, na utando. Daktari akaweka kalamu chini.

Akanieleza taratibu. Ndani ya maziwa mna sukari yake ya asili. Mtoto huisaga vizuri. Watu wengi wakishakuwa wakubwa, uwezo ule hupungua, wengine upesi, wengine uzeeni. Sukari isiposagwa hushuka chini ikachacha, ikageuka maji na upepo. Nikamuuliza dawa yake ni nini. Akasema ni kuacha. Nikamuuliza tena, labda hakunisikia vizuri. Akasema, "Mzee, wewe ulikuwa unauzima moto kwa mafuta."

Hakujua anasema na nani. Niliyakumbuka mafuta yote niliyowahi kuyafuta kwenye vyerehani vya watu na matusi yote niliyoyatoa. Bi Rukiya alikuwa amegeukia dirishani, mabega yanamtikisika.

Daktari akasema yako maziwa mengine, ya mimea, ambayo hayana sukari ile. Nijaribu mpaka nipate yanayonifaa. Basi tukaingia kazini, siku kumi za mwisho za Ramadhani, wengine wakitafuta usiku wa cheo na mimi natafuta chai.

Tulianza na maziwa ya lozi ya dukani, ya boksi. Nikayatia kwenye chai. Ilikuwa chai ya mtu aliyesimuliwa maziwa lakini hajayaona. Boksi lile lilimalizwa na Swabra, akisema yanampendezesha ngozi.

Tukajaribu ya soya. Yalikuwa na rangi ya kuaminika. Bi Rukiya akachemsha chai kwa tangawizi mbichi kama kawaida, akamimina, na mbele ya macho yetu yakakatika, vipande juu, maji chini. Nikanywa hivyo hivyo kwa sababu nilikuwa nimefunga tangu alfajiri na nilitaka kitu kinachoitwa chai. Sikurudia. Kwenye tambi, lakini, yale ya soya yalikaa vizuri, tambi zikawa nzito na tamu, na dada Mwanaisha alikula sahani mbili bila kuuliza. Kila maziwa, kumbe, yana kazi yake.

Ya shayiri niliyakuta kwenye duka kubwa. Nilipoyanywa nilijiona nimelala wodini nalishwa uji na nesi. Sitayasema zaidi, kwa kuwa kuna watu wanayapenda.

Siku moja nilikuwa nimekaa jikoni, nimekunja uso, namtazama mke wangu akikuna nazi ya kupikia mbaazi. Akaikamua, akatoa kasimele, lile tui zito la kwanza, jeupe, linang'aa. Nikamwambia, "Hiki ni nini?" Akanitazama kama mtu aliyepotewa na akili. Akasema ni tui. Nikamwambia najua ni tui, lakini ni nini? Ndipo tukatazamana. Wali tunaupika kwa tui. Mbaazi kwa tui. Samaki kwa tui, mahamri yanakandwa kwa tui, viazi, ndizi, muhogo, vyote tui. Miaka hamsini na tisa nimekunywa na kula maziwa ya mti kila siku ya Mungu, na nimekwenda kuyatafuta kwenye boksi.

Lakini chai ya tui, ndugu zangu, haikuja kwa wepesi. Mara ya kwanza alilichemsha pamoja na majani, likajitenga, mafuta yakaelea juu kama mchuzi wa kamba. Mara ya pili alitia baada ya kuipua, ikakubali, lakini kila nikinywa nilikuwa nangoja samaki. Akili yangu ilikataa. Ikabidi Bi Rukiya atafute njia ya kumdanganya mumewe. Akaroweka korosho mbichi tangu asubuhi, akazisaga kwa blenda na maji, akazichuja kwa kitambaa, akachanganya na tui kidogo tu, kijiko au viwili. Akachemsha chai kavu kwa iliki na mdalasini, akaipua, ndipo akamimina huku anakoroga.

Ilikuwa nzito. Ilikuwa na rangi ya chai. Nikanywa kikombe, nikangoja. Nikaenda tarawehe, nikasimama katikati ya safu kwa mara ya kwanza baada ya miezi miwili, na nikamaliza. Lile bomba la mwisho nikalipita nikaliaga kwa mkono.

Utando tu haupo. Utando naukumbuka mpaka leo.

Msidhani nilipona moja kwa moja. Siku ya Idi nilikwenda kumtembelea rafiki, akaniwekea sahani ya labania. Vile vipande vyeupe vitamu vya dukani, juu vimebandikwa pistachio. Nikajiambia hizi ni za kutafuna, si za kunywa, daktari alisema kunywa. Nikala nne. Labania, kwa asiyejua, ni maziwa yaliyokaushwa mpaka yakakasirika. Nilishinda siku mbili nzima kati ya ngazi na choo, na siku ya harusi ilikuwa imebaki wiki moja. Bakari alikuja kunitazama. Akasema joho limerudi, limetoka vizuri.

Tangu hapo sikugusa kitu ambacho Bi Rukiya hakukigusa kwanza. Katikati ya wiki ile akanituma sokoni Marikiti nikamletee kilo nne za korosho mbichi. Nikauliza za nini zote hizo. Akasema za harusi. Mwanamume haulizi mara mbili mambo ya harusi, nikabeba.

Siku ikafika. Nikaha ilikuwa msikitini baada ya swala ya alasiri. Nilikuwa nimekula wali mkavu na samaki wa kuchoma, nimekunywa chai yangu, nimetia udhu nyumbani na kuomba dua ndefu kuliko kawaida. Tukaketi. Mimi nimekabili Faraji, magoti yanakaribiana. Kulia kwake babake, Bwana Hamadi, mstaafu wa reli, mtu mrefu, mkimya. Nyuma yangu Bakari, ndani ya joho, ananukia udi, tayari.

Sheikh hajaanza khutba, ikaja sinia. Bilauri mbili tu, sharubati ya waridi, nzito, ya maziwa, mbegu zinaelea ndani. Bwana Hamadi akakohoa kidogo akasema kwao wana desturi, waliirithi kwa babu yake: kabla ya khutba baba wawili hunywa kitamu pamoja, maneno yapate kutoka matamu. Akaniinulia bilauri.

Msikiti mzima unatazama. Nikikataa, nimeikataa desturi yao mbele ya watu wao, siku ambayo wanamchukua mwanangu akaishi nao. Nikinywa, namjua sheikh wetu, khutba fupi haijui. Nilihesabu haraka: tumbo langu lilikuwa likinipa nusu saa, si zaidi. Nyuma yangu nikasikia joho linasogea. Bakari aliinama akaninong'oneza, "Nipe wakala sasa, kabla hujaaibika."

Nikainywa. Nikamtazama Bwana Hamadi naye ananywa, na nikaona jasho limemtoka juu ya mdomo. Nikadhani ni uchungu wa kuoza mwana. Tukazirudisha bilauri tupu kwenye sinia. Ilikuwa tamu, lazima niseme.

Sheikh akaanza. Akasema juu ya uumbaji wa Adamu, akaja taratibu. Mimi nilikuwa nasikiliza khutba nyingine, ya ndani. Nikangoja kabati lisogezwe. Halikusogezwa. Jasho likanitiririka mgongoni. Nikangoja maji yapite chini ya kitovu. Hayakupita. Sheikh akasema "shika mkono wake," nikaushika mkono wa Faraji, wa baridi kuliko wangu. Nikafungua mdomo. Nikasema nimekuoza mwanangu Swabra binti Athumani, na hapo kwenye jina sauti ikanikatika. Nikaanza tena, nikamaliza. Akasema nimekubali. Watu wakaitikia, na Bakari kwa nyuma akaitikia kwa sauti kubwa kuliko wote, kwa kuwa hakubakiwa na kingine cha kusema.

Magharibi ilipoadhiniwa nilisimama safu ya mbele nikaswali kwa udhu ule ule niliotia nyumbani kabla ya alasiri. Mtu ambaye hajapitia niliyoyapitia hawezi kujua ladha ya jambo hilo.

Nikarudi nyumbani nimebadilika. Nikamwambia Bi Rukiya nimepona kabisa, nimekunywa bilauri nzima ya maziwa mbele ya watu mia na sikusikia kitu, baraka za nikaha hizo, sasa aniwekee chai ya maziwa ya ng'ombe yenye utando. Nilikuwa nimeshashika sufuria.

"Weka chini," akasema. "Unadhani zile kilo nne za korosho zilikwenda wapi?"

Alikuwa amekwenda Buxton wiki moja kabla, kupanga mambo ya sherehe, na mama Faraji akamtajia ile desturi ya sharubati. Bi Rukiya akafikiri akiwa njiani kurudi nyumbani, akageuka, akarudi akamweleza mwenzake kila kitu: tumbo, upepo, ngazi, bomba. Siri yangu yote. Mama Faraji akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akamwambia kwamba Bwana Hamadi ana maradhi yale yale mwaka wa tatu sasa, na amemkataza asimwambie mtu, zaidi ya wote wakwe wa Mji wa Kale. Tangu siku ya posa alikuwa hapati usingizi kwa hofu ya sharubati ya babu yake. Basi wale wanawake wawili wakaitengeneza kwa korosho na tui, sufuria nzima, na baada ya nikaha watu wote mia wakanywa, hakuna aliyejua. Sisi waume zao hawakutuambia. Nilipouliza kwa nini, mke wangu akasema, "Mlisema ni siri."

Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyenipa afya. Namshukuru yule binti daktari, na yule mwalimu ambaye sikumsikiliza. Namshukuru Bi Rukiya, na nilimwomba radhi kwa lile neno la futari, akanisamehe, ingawa hutokea akalikumbuka. Siku hizi kila Ijumaa Bwana Hamadi huja kibandani kwangu, tukanywa chai ya korosho tukalinganisha matumbo kwa uhuru kabisa. Bakari huja pia na joho lake. Tumemwahidi maikrofoni siku ya akika ya mjukuu, atakapopewa jina.

Wewe unayesoma na tumbo lako linaguna, usilimwagie mafuta. Nenda kwa daktari, na umjibu kweli anapouliza ni vikombe vingapi. Ukiambiwa uache maziwa ya ng'ombe, usilie, anza kutazama jikoni kwako. Tui litie baada ya kuipua. Labania ni maziwa. Na ukiwa na aibu yako, mwambie mkeo, kisha muache aende anakokwenda.

Swabra alikuja kutuamkia siku ya saba baada ya harusi. Siku ya nikaha walikuwa nyumbani, yeye na wanawake wenzake, wakisikiliza kwa kipaza sauti cha msikiti. Alinibusu mkono, akaketi karibu nami, akaniuliza pole pole.

"Baba, ulipofika kwenye jina langu sauti ilikukatika. Nikamshika mama mkono, nikamwambia tayari, tumbo hilo."

Nikamwambia la, mwanangu. Tumbo lilikuwa shwari kabisa.